Taa ya nyuma ya kuchaji, miezi nane kwa Jogoo Road

Hii taa nyekundu niliichukua tao kwa 850. Natoka Umoja na baiskeli kuenda kazi Industrial Area, jioni narudi, na hapa Nairobi ikifika saa moja ni giza mwaka mzima kwa hivyo nusu ya safari ya kurudi ni gizani. Chaji inakaa siku tatu hivi nikiiweka ile ya kuwaka na kuzima, na inachaji na waya ya simu. Hapo sina shida nayo.

Mwezi wa tano ndio nilishtuka. Kulikuwa na mvua, nimevaa koti refu, karibu na Makadara matatu ikanipita karibu sana hadi kioo chake kikanigusa kiwiko cha kulia. Nikaifikia steji mbele nikiwa nimekasirika kweli, dere akaniambia, "Boss pole, sikukuona, huna taa nyuma." Nikamwambia taa iko na inawaka, nikashuka nimwonyeshe, kumbe koti limeifunika yote. Nikalipandisha, bado giza, sababu baiskeli yangu haikuwa na madigadi na tope la tairi lote lilikuwa limeganda kwa taa. Nilipolifuta na kidole gumba ndio mwanga ukatoka ukapiga lami iliyoloa. Nilikuwa nimetoka kazini hivyo, nikijua naonekana.

Kesho yake fundi wa mtaani akaitoa chini ya kiti akaifunga mwisho kabisa wa keria na kipande cha tubu, maana ule mpira wake ulikuwa ushaanza kukatika, akaniwekea na madigadi. Tangu hapo magari yananipa nafasi, naskia tofauti kabisa.

Lakini isikudanganye, haisaidii na matatu ambayo ishakupita halafu inakata kushoto kuingia steji. Hapo kaa nyuma yake, usijaribu kupenya kushoto, mlango uko huko na makanga anaruka kabla haijasimama.

Naipa nne kwa tano, moja nimekata kwa huo mpira. Ukinunua, mwambie mtu apande baiskeli yako usiku na koti na begi vile wewe hubeba, halafu simama nyuma hatua hamsini uone kama taa inaonekana.