Siku moja baharini na chama cha wavuvi wa mshipi, Mtwapa

Nilialikwa Januari na chama kidogo cha wavuvi wa mshipi kinachong'oa nanga katika mkondo wa Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na nimeona ni haki niwaeleze wanaotaka kujiunga jinsi kinavyoendeshwa. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, ndio wakati wao. Kusi ikianza kuvuma, mashua nyingi hupandishwa pwani kwa matengenezo.

Kilichonivutia zaidi ni ujuzi wa nahodha, mzee aliyesoma ndege na rangi ya maji hata akatufikisha nje ya mwamba mahali nguru na jodari walipokuwa wakifukuza dagaa. Nduaro, yule samaki mwenye pezi kubwa mithili ya tanga, alipokamata chambo, wanachama walimpa mgeni mshipi bila choyo, wakamfundisha kulegeza na kukaza kwa subira. Kisha samaki akatiwa alama, akashikiliwa ubavuni mwa mashua hadi akapata nguvu, akaachiliwa. Nguru wawili tuliobaki nao waligawiwa mabaharia, jambo lililonifurahisha mno.

Ada ya mgeni ni ya wastani. Hata hivyo, jaketi za kujiokolea zilipungua mbili, na hilo halikubaliki hata kidogo. Nilimweleza katibu, naye akaahidi kuzinunua kabla ya safari ijayo. Zikipatikana, nitamleta mwanangu.