Fundi wa seva Barabara ya Lamu, Malindi: nyota nne, na ile moja nitasema kwa nini

Nyota nne kati ya tano. Kama uko na seva, ile kompyuta ya kuwekea faili za wote, dukani au ofisini hapa Malindi na inaganda ovyo ovyo, na kila fundi anayekuja anakuuzia kitu, nenda kwa huyu jamaa kwanza kabla hujatoa hela tena. Yuko Barabara ya Lamu, juu ghorofani, chini wanauza simu, bango halina maana ni karatasi imebandikwa tu mlangoni, uliza fundi wa seva utaonyeshwa. Wenyewe wanamwita Maalim.

Sisi tuna studio ya picha na uchapishaji, harusi, picha za pasi, kadi za mialiko, mambo hayo. Kazi zote zinakaa kwenye seva moja ya mtumba ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na vijana wanafungua picha kutoka kompyuta zao za Windows kupitia Samba, programu ya kugawana faili kwa netiweki. Mashine ya zamani lakini ngumu, haina neno. Shida yake ikawa kuganda. Sio kuzima jamani, kuganda, taa zawaka, feni yazunguka, ila ukifika asubuhi hakuna faili linalofunguka, ukijaribu kuingia kwa kibodi yake unaandika jina alafu basi, inakutazama tu. Na cha ajabu ukiipigia ping, yani kuiita tu kwa netiweki uone kama ipo, kutoka kompyuta nyingine inajibu vizuri kabisa! Hapo ndipo watu walipokuwa wakipotea, manake mtu akiona ping inajibu anakwambia seva ni nzima, kaangalieni netiweki yenu.

Fundi wa kwanza simtaji, alisema ni stima, tukanunua UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea. Hiyo silalamiki, kwa stima yetu hii UPS utaihitaji tu. Wa pili akasema RAM, yani memori ya kufanyia kazi, ni kidogo, ilikuwa GB 4, akatuuzia mpaka ikafika 16. Wallahi hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwanza ilikuwa inaganda mara moja moja, sasa ikawa karibu kila alfajiri, na ukimpigia anakwambia labda muongeze tena.

Maalim alipokuja hakugusa mashine. Aliuliza, "Dada, yaganda saa ngapi?" Nikamwambia hatujui, sisi twaikuta asubuhi. "Na usiku huwa yafanya nini?" Nikamwambia bakapu, nakala za akiba, saa nane usiku programu ya rsync inapitia picha zote moja moja kuangalia ipi imebadilika, na hapo ni mamia ya maelfu ya faili pamoja na vile vijipicha vidogo vya wateja kuchagulia. Akasema haya, mpaka hapo nishapata nusu.

Alichofanya siku hiyo ni kuweka mtego tu. Seva ikiganda haiwezi hata kuandika logi, yani orodha ya matukio, kwenye diski yake, kwa hivyo akawasha kitu kinaitwa netconsole ambacho kinafanya kerneli, kile kiini cha Linux, itume ujumbe wake kwa waya moja kwa moja mpaka kompyuta nyingine, alafu akawasha zile funguo za dharura za kibodi za SysRq, ambazo kerneli inazisikia hata programu zikiganda, na akamfundisha kijana wetu anayefungua duka: ukiikuta imeganda usichomoe waya, shika Alt na SysRq ubonyeze M, ndo unipigie. Ikaganda tena haikuchelewa, kijana akabonyeza, na orodha nzima ya memori ikamwagika kwenye ile kompyuta ya pili. Maalim akanionyesha kwa kidole, sehemu ya HighMem, inayotumiwa zaidi na programu, iko tupu GB na GB, ile inayoitwa Normal, anayoitegemea kerneli, imekauka kabisa. Seva ina memori tele na wakati huo huo imekufa kwa kukosa memori, we fikiria.

Kumbe seva yetu ilikuwa imewekewa Linux ya biti 32, ile aina ya zamani kabla ya biti 64. Biti 32 inahesabu anwani mpaka GB 4 mwisho, na Linux kwa kawaida inazigawa, GB 3 ni za programu na GB 1 ni ya kerneli, na katika hiyo moja ni kama MB 896 tu ambazo kerneli inazishika moja kwa moja. Kuna ujanja unaitwa PAE unaoruhusu mashine itumie mpaka GB 64 za RAM, ndo maana ile 16 yetu ilionekana yote, lakini vitu vya kerneli yenyewe vyabaki kubanana mle mle kwenye MB 896. Ni kama umejenga ghorofa tatu lakini vyombo vyote vya mpishi haviruhusiwi kutoka jikoni. Sasa bakapu ikianza, kila faili linaloguswa kerneli inaliwekea kumbukumbu zake, inode (maelezo ya faili) na dentry (jina lake na folda lilipo), unaziona kwa programu ya slabtop zikipanda kama hazina mwenyewe. Pakijaa, kerneli inatafuta nafasi, na hata hiyo kazi ya kutafuta nafasi nayo yataka nafasi, programu zinasimama kwenye foleni zikisubiri na hakuna anayehudumiwa. Ping inaendelea kujibu kwa sababu jibu lake latoka kwenye kerneli yenyewe, hakuna programu inayohitaji kuamshwa.

Na ile RAM tuliyouziwa? Hii ndo ilinikera. Kila kipande cha RAM cha KB 4 kinahitaji rekodi yake ya kama baiti 32, na rekodi hizo nazo zakaa wapi, humo humo jikoni. Kwa GB 4 hiyo ni MB 32, kwa GB 16 ni MB 128. Yani tulilipa pesa kumnyang'anya kerneli karibu MB 100 katika zile 896 zake, alafu ati tuongeze tena.

Akanieleza pia Windows si salama kwenye hili, Windows Server 2003 ya biti 32 ile sehemu ya memori ya kerneli isiyohamishwa kwenye diski mwisho wake ni MB 256, ikiisha logi inaandika tukio namba 2019 na seva inakataa watu. Naandika tu kwa mwenye nayo bado, manake hapa pwani mashine hatutupi.

Dawa ya haraka alinifanyia hapo hapo: akapandisha vfs_cache_pressure kutoka 100 yake ya kawaida ili kerneli itupe kumbukumbu za faili mapema, akaongeza min_free_kbytes, ile memori inayoachwa wazi kama akiba, na bakapu akaikata iende folda moja moja badala ya zote kwa mpigo. Akasema hiyo ni ya kutuvusha tu, msijisahau. Alafu akaangalia /proc/cpuinfo, faili linaloeleza prosesa, alama ya lm ipo, maana yake prosesa ni ya biti 64 tangu siku ya kwanza! AMD walitoa Opteron ya biti 64 mwaka 2003, Linux nayo ikawa tayari miaka hiyo hiyo, sasa nani alituwekea 32 na kwa nini, Mungu ndiye ajuaye. Alinipa hiari, abadilishe kerneli peke yake au aanze upya na mfumo mzima wa biti 64. Nikachagua upya, manake Debian, toleo moja la Linux, namba 13 ya 2025 haina tena hata kerneli ya biti 32 kwa PC kama hizi zetu, tungerudi kwake tu baadaye.

Sasa hivi bakapu yaisha kabla ya alfajiri, zile dentry na inode zinakula GB kadhaa na hakuna anayejali, na RAM ya yule jamaa wa pili angalau imepata kazi.

Haya, nyota niliyokata. Meseji za WhatsApp anasoma na hajibu, mpaka upige. Aliporudisha data ruhusa za folda mbili za Samba zilikosewa, wahariri wangu wakakaa nusu siku bila kazi mpaka alipokuja kurekebisha, hakutoza lakini pia hakuomba radhi. Na hakuna ripoti ya maandishi, yote aliyosema nimeyaandika mimi mwenyewe kwenye daftari. Bei ni ya juu kidogo kwa Malindi, alfu tatu kuja kuangalia na alfu kumi na tano kuweka mfumo upya na kurudisha data, M-Pesa anapokea, risiti ya mkono.

Ijumaa usimtafute mpaka swala iishe. Na uende na nenosiri la root, yani la msimamizi mkuu wa seva, bila hilo anakurudisha nyumbani.