Kaunta buku ya kurasa 192 kwa kijana anayeona ishara: nunua, lakini kagua uzi kwanza

Mtoto akifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, mambo huanza kumsemesha. Anamuwaza rafiki, simu inalia. Anaota mto, kesho yake mwalimu anafundisha mito. Kila akiichungulia simu anakuta 11:11. Kanisani anaambiwa ni Roho, mtandaoni anaambiwa ni ulimwengu, na nyanya yake anataka tu kujua ameota nani na alikuwa amevaa nini. Si mtoto wa ajabu. Mwaka 1899 Edwin Starbuck wa Marekani alichapisha utafiti wake juu ya watu waliookoka, akaona kwamba jambo hilo hutokea karibu lote kati ya miaka 10 na 25. Ndio umri huo huo.

Anachohitaji kabla ya kupewa majibu ni mahali pa kuandika. Bidhaa tunayoipima hapa ni kaunta buku ya A4, jalada gumu, mistari ya kawaida, kurasa 192: ile ile ambayo mwenye duka huandikia madeni. Iko Oginga Odinga Street hapa Kisumu, iko Kenyatta Avenue Nakuru, na ukiwa Kakamega au Bungoma hutatembea mbali kuipata. Kwa kazi hii inashinda vyote vinavyouzwa kwa bei ya juu zaidi, na sababu kubwa ni kwamba haina neno lolote lililochapishwa ndani.

Chukua yale madaftari ya kutoka nje yanayoagizwa mtandaoni, yenye jalada la nyota na mwezi. Karatasi ni nzuri, hilo tukubali. Shida ni maswali yaliyochapwa juu ya kila ukurasa, ya aina ya "ulimwengu umekuambia nini leo?" Swali hilo limeshaamua kwamba leo kuna ujumbe, na kijana mtiifu atautafuta mpaka aupate. Tena limeshamchagulia msemaji. Sisi ni watu wa eneo ambako Mjaluo anaweza kumpa mtoto jina la marehemu aliyekuja ndotoni, ambako Johana Owalo alisimulia maono yake ya mwaka 1907 na kanisa la Nomiya likazaliwa, ambako Waquaker wa Kaimosi walishukiwa na uamsho mwaka 1927 hadi makanisa mapya yakatoka humo. Msichana wa Kiislamu wa Kaloleni anayeswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo kabla ya kuamua, naye ana utaratibu wake. Hakuna hata mmoja wa hao anayehitaji kufundishwa kusema "ulimwengu". Ukurasa mtupu unawatosha wote.

Diari ya mwaka, ile yenye tarehe, ina kasoro ya namna nyingine. Ukurasa mmoja kwa siku humfanya kijana aone aibu kuacha siku wazi, basi anajaza. Ishara za kujazia ukurasa ni mbaya kuliko kukosa ishara. Nyingi pia zina mstari wa Biblia chini ya kila tarehe. Kwa ibada ya asubuhi ni jambo jema, ila ukisoma mstari juu ya maji saa kumi na mbili, mvua ya alasiri itakuwa "imetimiza" mstari huo, na kesho yake utapata mwingine. Diari yenyewe imegeuka kiwanda cha sadfa.

Simu tusiidharau kabisa. Shule za bweni haziiruhusu, na programu nyingi za kuandikia hukuacha urekebishe maneno ya jana bila kuacha alama inayoonekana. Lakini wakati wa likizo, ukiamka saa tisa usiku na stima zimepotea, jitumie mwenyewe ujumbe wa WhatsApp. Unabaki na saa yake, na baada ya dakika 15 hauwezi kuhaririwa tena. Asubuhi unaunakili kwenye buku pamoja na saa iliyoandikwa pale. Zaidi ya hapo simu iachwe.

Sasa namna ya kulipanga buku. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo twende polepole. Kabla ya kuandika chochote, weka namba kwa mkono kwenye kurasa zote, 1 hadi 192. Inachosha, lakini ukurasa uliochanwa utajulikana. Kurasa 1 na 2 ni za faharasa, wa 3 uache kwanza. Kutoka 4 hadi 151 unapata jozi 74 za kurasa zinazotazamana. Ukiandika matukio mawili kwa wiki zitakutosha wiki 37, yaani karibu mwaka mzima wa masomo. Kurasa 152 hadi 192 zinatumika kwa kugeuza buku juu chini na kuanzia nyuma: hizo ni za ndoto, maombi yenye ombi mahususi, na yale unayohisi yatatokea. Kanuni ya nyuma ni moja tu. Kila kitu kiandikwe kabla ya kutimia, na tarehe na saa. Ukikumbuka ndoto baada ya tukio, iandike mbele pamoja na tukio, na uweke herufi B pembeni, kwa maana ya "baada". Zenye B hazihesabiwi.

Kwenye jozi za mbele, ukurasa wa kushoto ni wa tukio peke yake: siku, saa, mahali, nani alikuwepo, kilichoonekana na kusikika. Neno "ishara" haliruhusiwi kushoto. Ukurasa wa kulia ni wa maana, na uachwe mtupu siku saba. Wiki ikipita, andika ulichoelewa, kisha chora mstari chini yake na uache robo ya ukurasa, kwa sababu baada ya muhula mmoja utataka kuongeza kitu.

Ukurasa wa kushoto uliojazwa vizuri unasomeka hivi: "Jumanne, saa 10:15 jioni, steji ya Kondele. Niko na P. Matatu kutoka Kakamega imesimama, mama mmoja ameshuka na kuku kwapani. Ndoto: uk. 187, shangazi wa Mbale amebeba kuku mweupe, barabarani. Kuku wa leo ana madoadoa. Simjui mama huyu." Sentensi ya madoadoa ndiyo inayolipa gharama ya buku. Bila ukurasa wa 187, kufika Ijumaa kuku wa ndotoni atakuwa ameota madoadoa, na kijana ataapa kwa moyo safi kwamba ndivyo alivyomwona. Hadanganyi, kumbukumbu hujirekebisha kufuata kilichotokea.

Hata sadfa maarufu kuliko zote ina madoadoa yake. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyechapisha nadharia ya sadfa zenye maana mwaka 1952 katika kitabu kimoja na mwanafizikia Wolfgang Pauli, alieleza habari ya mgonjwa aliyekuwa akimsimulia ndoto ya kupewa kito cha mbawakawa wa dhahabu. Kitu kikagonga dirishani. Jung akafungua, akamdaka mdudu: Cetonia aurata, mbawakawa wa kijani-dhahabu anayependa mawaridi. Hakuwa yule wa ndotoni, na Jung hakuficha. Alisema ni wa karibu zaidi kufanana naye katika nchi zile. Mwandishi wa kaunta buku anapaswa kuwa mkweli kiasi hicho. Pembeni weka alama: 3 kama vimelingana kabisa, 2 kama kimoja au viwili vimepotoka, 1 kama ni jambo la jumla tu, 0 kama ulichotarajia hakikutokea. Kuku wa Kondele anapata 2.

Sifuri ndizo zinazosahaulika. Buku lenye 2 na 3 tupu halina faida, maana mwenye nalo ameandika zilizopata na kuziacha zilizokosa. Kila Jumapili jioni geuza nyuma, soma ulichotarajia, na kilichopitisha siku thelathini bila kutokea kipe 0. Nafasi ya kuweka kipimo cha kulinganisha pia ipo: kwa wiki mbili, badala ya 11:11, chagua dakika isiyopendwa na mtu, kama 10:37, uandike kila unapoikuta. Wengi hushtuka kuona nayo inaanza kuwaandama. (Andika kilichoonekana kwenye kioo, kwa sababu mdomoni 11:11 ni saa tano na dakika kumi na moja, na mvuto wote unapotea.)

Ukurasa wa 3 tunapendekeza ubandikwe hesabu mbili. Darasani wakiwa 23, uwezekano wa wawili kushiriki siku ya kuzaliwa umeshapita nusu. Wakiwa 50, ni kama asilimia 97, kwa sababu jozi za kulinganisha ni 1,225. Kwa hiyo msichana aliyemkuta "pacha wa tarehe" Gredi 7 amekuta jambo ambalo karibu kila darasa lililojaa linalo. Ya pili inapewa jina la mwanahisabati Littlewood wa Cambridge: ukihesabu tukio moja kila sekunde kwa saa nane za kuwa macho, ni matukio 28,800 kwa siku, na kufika siku ya 35 umepita milioni moja. Jambo la "moja katika milioni" basi lina haki ya kukutembelea kila mwezi na siku chache. Hesabu hizi hazimfukuzi Mungu. Zinaeleza ni mara ngapi jambo litatokea. Kwa nini lile la kuku la Jumanne lilimfanya kijana ampigie simu shangazi yake waliyenuniana, hiyo ni kazi ya ukurasa wa kulia, na huko hesabu hazina la kusema.

Upande wa buku lenyewe kama kitu. Lifungue katikati, pale karatasi zinapokunjwa: unatakiwa kuona uzi. Kisha litazame kwa juu, kwenye mgongo. Yaliyoshonwa huonyesha mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, yaliyogundishwa huonyesha ukingo ulionyooka wa gundi. La gundi liache. Litafunguliwa mara mbili kila siku, mbele na nyuma, na kurasa zitaanza kudondoka, zikianza na zile za ndoto. Kalamu iwe ya kawaida, Bic au yoyote ya wino mzito. Ya jeli huchafua ukurasa wa pili, na karibu na ziwa karatasi huwa na unyevu kiasi kwamba wino wake unatambaa. Valisha karatasi ya kaki, lakini plastiki juu yake isibane: msimu wa mvua, Machi hadi Mei, jalada lililofungiwa kwenye plastiki huota kuvu. Katika sanduku la bati liweke juu ya nguo, si chini kabisa. Mende hupenda gundi ya mgongo.

Kasoro kubwa ya kaunta buku ni kwamba halina kufuli na A4 haifichiki. Bwenini litasomwa. Majina yaandikwe kwa herufi moja, na ndoto inayomhusu jirani na nyoka isitaje boma la mtu. Huku kwetu ukurasa kama huo ukiangukia mikono isiyofaa unaweza kumwita mzee wa watu mchawi. Anayetaka siri zaidi achukue ya A5, akubali kubana maandishi.

Na kuna kijana ambaye hatushauri anunuliwe. Mwaka 1958 daktari Mjerumani Klaus Conrad alieleza jinsi ugonjwa wa akili unavyoweza kuanza kwa mtu kuona kila kitu kinamlenga yeye: namba ya gari, kikohozi cha mtu, tangazo la redio. Dalili za kuangalia ni hapati usingizi usiku, ameacha kula, anasikia sauti zinazomwamuru, au anaandika kurasa kumi kwa siku na zote ni 3. Huyo buku litamchochea. Mpelekeni hospitali, kwa Kisumu ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi bado wanaiita Russia, na maombi yaendelee sambamba na matibabu, yasichukue nafasi yake.

Kwa wengine wote, nunueni kabla ya msongamano wa Januari shule zinapofunguliwa, wakati muuzaji bado ana muda wa kukuacha ufungue tatu au nne hapo kwenye kaunta. Kwa bei ya daftari moja la nyota na mwezi mnapata kaunta buku za kikundi kizima cha vijana, na kalamu juu. Ukiona uzi umekatika au mafungu yamepishana, badilisha hapo hapo. Ukishaweka namba kwenye kurasa, hakuna duka litakalolirudisha.