Moshi wa mazutu: jicho la fundi au mashine ya kompyuta?
Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, na vumbi la lava huziba filta ya hewa haraka. Kwa hiyo moshi mweusi usikutie hofu mara moja. Fungua filta kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni mazutu isiyoungua, au maji ya rejeta. Hayo jicho linayaona, tena kwa bei ndogo.

Mashine ya kompyuta, ile inayochomekwa kwenye gari kusoma hitilafu, inagharimu zaidi, lakini inataja sensa (kifaa cha kupima kwenye injini) iliyokufa, ambayo jicho halitaiona kamwe. Pete za pistoni zilizochakaa haizitaji.

Una Land Cruiser ya zamani yenye pampu ya mazutu ya kawaida, isiyo ya kompyuta? Mashine haina pa kuchomekwa. Gari la kisasa limekosa nguvu bila moshi? Anza na mashine.