Injini mpya ya Briggs & Stratton 17.5 kwa mashine ya kukatia majani ya kukaliwa juu: ni nzuri, ila pima shafti kabla hujalipa

Injini hii ni ya silinda moja, shafti ya kusimama, nguvu za farasi 17.5, ujazo wa takriban sentimita za ujazo (sc) 500. Mashine ya kukatia majani iliyotoka kiwandani na injini ya ukoo huu huipokea bila ya kuchomelea wala kutoboa fremu. Kwa bustani za mahoteli ya Kiwengwa, Nungwi au Paje, ambako majani hukua mbio kila baada ya masika, ni mbadala wa kutegemewa zaidi kuliko injini kuukuu iliyofunguliwa kwenye mashine nyingine. Sharti ni moja: fremu, giaboksi na deki ya visu (bati la chini linalobeba visu) viwe bado vizima. Deki ikishaliwa na kutu hadi kwenye beringi za visu, kuitia injini mpya ni kuitupa.

Kwanza thibitisha kwamba ya zamani imekufa kweli. Upande wa mashariki ya Unguja majani yameota juu ya mawe ya matumbawe. Kisu kikigonga jiwe, kii (kipande cha chuma kinachoifunga flaiwili, gurudumu zito la injini, kwenye shafti) hukatika au hupinda, moto wa plagi ukaja wakati si wake, injini ikapiga mishindo na kukataa kuwaka. Kii ni kipande kidogo cha bei ndogo. Fungua flaiwili uitazame kabla hujaagiza chochote. Stata nayo ikizungusha nusu ya mzunguko kisha ikasita, wengi hubadilisha betri, halafu stata yenyewe, na tatizo liko palepale. Mara nyingi ni valvu zimelegea, na kile kifaa cha kamshafti kinachopunguza kompresheni wakati wa kuwasha hakifanyi tena kazi. Sukuma pistoni ipite juu kabisa kwa milimita 6 hivi, kisha pima nafasi ya valvu kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): valvu ya kuingiza 0.08 hadi 0.13 mm, ya kutolea moshi 0.13 hadi 0.18 mm. Kwa sababu ya kifaa hichohicho, geji ya kawaida ya kompresheni hudanganya kwenye injini hii. Tia hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefunga, usikilize inavujia wapi. Ikiwa kranki (shafti kuu ya injini) imepinda au bloku imetobolewa na fimbo ya pistoni, hapo nunua.

Na ukinunua, nunua kwa nambari. Zimepigwa kwenye bati la injini katika mafungu matatu: modeli, taipu na kodi (yaani “code”). Tarakimu mbili za mwanzo za modeli zinaonyesha ujazo kwa inchi za ujazo, kwa hiyo sc 500 huanza na 31. Wengi husoma modeli tu, na hapo ndipo hasara inapoingia, kwa kuwa taipu ndiyo inayoeleza shafti. Shafti ya kawaida ya mashine hizi ina unene wa inchi 1 (25.4 mm), urefu wa inchi 3 na 5/32 (80 mm), njia ya kii ya robo inchi, na tundu la bolti mwishoni lenye uzi wa inchi 7/16, nyuzi 20 kwa inchi. Ikija fupi, puli na klachi ya visu havikai pamoja. Ikija ya inchi 1 na 1/8, puli ya zamani haiingii abadani. Kurudisha mzigo Dar es Salaam, au kuusubiri tena ufike Mkoani kwa walioko Pemba, ni gharama juu ya gharama, basi pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) ile shafti ya zamani na umtumie muuzaji picha ya nambari zote tatu.

Kufungua kunataka spana za inchi. Spana ya 13 huonekana kuingia kwenye bolti ya nusu inchi, lakini kwenye bolti yenye kutu huteleza na kuviringisha kichwa chake. Toa waya wa hasi wa betri, toa mikanda, kisha puli. Hii ndiyo kazi ngumu ya siku nzima, kwani chumvi huiganda puli kwenye shafti. Mwagia mafuta ya kulegezea tangu jana yake, tumia kivutio (kifaa cha kuvutia puli), usipige nyundo kichwani mwa shafti. Wakati wa kurudisha, paka shafti mpya grisi ya shaba, na safari ijayo puli itatoka kwa mkono.

Nyaya zinataka utulivu zaidi kuliko bolti. Waya wa kuzimia unatoka kwenye koili, na kazi yake ni kugusishwa bodi tu. Ukiupa umeme wa betri, volti 12, koili inaungua papo hapo. Solenoidi (valvu ya umeme ya kufungulia mafuta) iliyo chini ya kabureta ni kinyume chake: hiyo lazima ipate volti 12 ufunguo ukiwa umefunguliwa, la sivyo stata itazungusha mpaka betri iishe na mafuta hayapiti. Halafu angalia chaji. Baadhi ya injini za zamani hutoa ampea 3 tu za kuchajia betri, na waya wa pili ni wa taa. Klachi ya umeme ya visu peke yake hula kama ampea 4. Mashine yako ikiwa na klachi hiyo, agiza injini yenye regyuleta (kidhibiti cha chaji), chaji ya ampea 9 au 16, na plagi ya nyaya ibadilishwe kufuata mchoro, si kufuata rangi.

Kasoro zake zipo. Bomba la moshi halimo kwenye boksi, na kulirudisha la zamani lililotoboka ni kuichoma silinda hedi mpya. Mabati ya feni hushika kutu upesi karibu na bahari. Tangi na mpira wa mafuta ni juu yako pia: osha tangi, badilisha mpira na filta, maana maji yaliyokaa chini ya tangi yataziba kabureta mpya ndani ya wiki.

Injini huja bila ya oili. Inachukua lita 1.4 hivi, na kwa joto letu tia SAE 30. Ile ya 10W-30 huliwa haraka joto likizidi nyuzi 27, na hapa hiyo ni karibu kila mchana. Badilisha baada ya saa 5 za mwanzo, kisha kila saa 50. Kaza tena bolti nne za injini na za bomba la moshi baada ya saa ya kwanza ya kazi, injini ikishapoa. Springi ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) iache kama ilivyotoka kiwandani hata dereva akilalamika kwamba mashine ni nzito. Na kila wiki fungua bati la feni utoe majani makavu na nyuzi za makumbi zilizonasa kwenye mapezi ya silinda (mabapa membamba ya kuipoza). Injini hii hupozwa kwa upepo tu, na mapezi yakiziba, gasketi ya hedi ndiyo ya kwanza kuungua.