Fujifilm GFX100S mbele ya milango ya Bagamoyo

Kwa wiki mbili nimekaa na kamera ya Fujifilm GFX100S, niliyoazimwa na mpiga picha mwenzangu wa Dar es Salaam, nikaitumia kwa kazi niliyoitamani siku nyingi: kupiga picha milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo kabla mchwa na chumvi ya bahari hazijaimaliza. Kamera hii ilitoka mwaka 2021, na kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga, chenye megapikseli 102 kina upana wa milimita 43.8 na kimo cha milimita 32.9, yaani eneo lake ni takriban mara 1.7 ya eneo la kihisi cha fremu kamili, chenye milimita 36 kwa 24. Pamoja na betri na kadi ina uzito wa gramu 900, ilhali GFX100 iliyoitangulia mwaka 2019 ilifika gramu 1,400; nimetembea nayo kutoka Ngome Kongwe hadi Caravanserai bila bega kulalamika.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa nyumba moja ya mawe iliyo karibu na pwani. Nilisimamisha kamera juu ya tripodi na kubana tundu la lenzi ya milimita 63 hadi f/8, kwa sababu ukilibana sana, kuelekea f/16, mwanga hutawanyika na picha huanza kupoteza ule ukali ambao ndio sababu ya kununua kamera ya namna hii. Nilipoikuza picha kwenye kioo cha nyuma, mnyororo uliochongwa kwenye mwimo ulionekana pete kwa pete, na juu ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, katikati ya maua ya yungiyungi, zikajitokeza alama za patasi. Mahali pamoja patasi ilikuwa imeteleza, na fundi akaifunika ile kasoro kwa kuchonga jani dogo ambalo upande wa pili wa ua halipo. Nilimwonyesha bibi mwenye nyumba, ambaye alikuwa amenipokea kwa marahaba nzuri na kiti cha kukalia. Akainama, akatazama kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, mimi nimezaliwa humu ndani, na jani hilo sijapata kuliona.” Kwangu mimi thamani ya kamera hii imo katika jani lile.

Kuna njia ya kupata hata zaidi ya hapo. Katika vihisi vingi kila pikseli huona rangi moja tu, nusu yake kijani, robo nyekundu na robo bluu, na rangi zinazokosekana hukadiriwa kwa hesabu. GFX100S inaweza kusogeza kihisi chake kwa kipimo cha pikseli moja na cha nusu pikseli, ikapiga picha 16, ambazo baadaye huunganishwa na programu ya kompyuta kuwa picha moja ya megapikseli 400 yenye rangi halisi katika kila nukta. Sharti lake ni utulivu kamili. Upepo wa kusi ulipolitikisa pazia lililoning’inia nyuma ya ubao uliokatika, pazia lilitoka na kingo zilizomeguka, ingawa mti wa mlango wenyewe ulitoka safi kabisa. Faili ghafi moja (data ya kihisi kabla ya kuchakatwa) isiyobanwa hupita megabaiti 200, kwa hiyo mlango mmoja ulikula zaidi ya gigabaiti 3, na kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 ilinilazimu kuiacha ikifanya kazi usiku.

Kwenye soko la samaki mambo yalikuwa mengine. Shata, yaani kifunga mwanga, ikiwa ya kielektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari, tena polepole kwa sababu mistari ni mingi, hivyo makasia ya madau yaliyokuwa yakisogea yalipinda kwenye picha. Shata ya kimakanika iliondoa tatizo hilo, lakini kasi yake ni picha 5 tu kwa sekunde.

Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 5,999 bila lenzi. Mpiga picha wa harusi simshauri aingie gharama hiyo, kwa sababu albamu haihitaji pikseli zote hizo. Lakini taasisi yenye dhamana ya mambo ya kale ningeisihi iinunue, maana picha yenye pikseli 11,648 kwa 8,736 huchapwa kwa nukta 300 kwa inchi ikafikia karibu mita moja ya upana, na seremala wa kesho anaweza kuchonga upya kwa kuifuata.

Wapo wanaosema simu zitamaliza kazi hii, kwa kuwa Samsung ilitangaza kihisi cha megapikseli 200 mwaka 2021. Pikseli zake, hata hivyo, zina upana wa mikroni 0.64 dhidi ya mikroni 3.76 za kamera hii, na mwanga ukipungua simu huunganisha pikseli 16 kuwa moja. Ninachokisubiri ni kihisi kinachosomwa chote kwa mara moja, kama kile cha Sony α9 III ya mwaka 2023, ambacho kwa sasa kina megapikseli 24.6 tu, kikuzwe kifikie 100. Hadi hapo madau nitaendelea kuyapiga kwa kamera yangu ya zamani, na kwa ajili ya milango nitarudi kuiazima hii.