Vificho vya dhahabu nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Mwizi akiingia nyumbani huanzia chumbani. Atanyanyua godoro, atamwaga droo za kabati, atashusha sanduku la safari lililo juu yake, kisha atapita jikoni kutikisa makopo ya unga na mchele. Kasha la Zanzibar lenye misumari ya shaba nalo lina vidroo vya siri, ila siri hiyo pwani nzima inaijua. Ndiyo maana vifaa vinavyofanana na vitu vya kawaida vya nyumbani vina maana: mwizi ana haraka, na kitu kisichomvutia hakigusi.

Ila kificho kina adui wa pili, naye anaishi humo humo ndani. Ni mtu wa nyumbani anayetupa kopo tupu, anayemgawia jirani kitabu, au anayemuuzia mnunuzi wa chuma chakavu saa mbovu. Tumevipanga vifaa hivi kwa kuwaangalia maadui wote wawili. Kitu ambacho chenyewe huibwa, kama spika, king'amuzi, pasi au mtungi wa gesi, hatukukihesabu kabisa.

Kabla ya kununua, pima vito vyako. Bangili ndizo huamua. Bangili ya kipimo cha 2-4 ina upana wa ndani wa milimita 57 hivi, 2-6 ina 60, na 2-8 inakaribia 64. Ongeza unene wa dhahabu pande zote mbili, nawe utaona kwa nini vificho vingi vinavyouzwa havifai kwa mwanamke wa pwani: vimetengenezwa kwa pete, hereni na mikufu myembamba.

1. Boksi la umeme lisilo na umeme

Hili ndilo tunaloliweka juu. Ukutani inaonekana soketi au kifuniko kitupu cha plastiki kisicho na matundu, na nyuma yake kuna boksi lisilo na waya hata mmoja. Halihami, halitupwi, haligawiwi, na kulifungua kunahitaji bisibisi.

Ukiagiza mtandaoni, angalia aina ya soketi. Nyingi zinazouzwa kama vificho ni za Kimarekani, zenye matundu membamba wima. Kwenye nyumba ya Tanzania, Kenya, Uganda au Oman, ambako soketi ni za Kiingereza za matundu matatu ya mstatili, kifaa hicho kinajitangaza chenyewe. Nafuu zaidi ni kununua vitu halisi kwenye duka la vifaa vya umeme: boksi, kifuniko cha chapa na rangi ileile ya soketi zako, na skrubu zake mbili.

Chagua kifuniko kitupu kuliko soketi, kwa sababu mbili. Mgongo wa soketi huingia ndani ya boksi na kula karibu nusu ya kina chake. Pili, mgeni atachomeka chaja, simu haitaingia moto, na kesho yake fundi ataitwa kuja kutazama.

Boksi lina vina vya milimita 25, 35 na 47. Nunua la 47. Kifuniko cha boksi moja kina milimita 86 kwa 86, na cha boksi mbili 146 kwa 86. Boksi moja linatosha pete, hereni na mikufu, lakini bangili hubanwa na masikio ya skrubu yaliyochomoza ndani. Kwa bangili nunua la boksi mbili, uende dukani na bangili yako kubwa kuliko zote uijaribishe ndani ya boksi kabla hujalipa.

Wengi hukosea mahali pa kulichimbia. Nyaya ndani ya plasta kwa kawaida hupanda wima au kwenda mlalo kutoka kwenye swichi na soketi. Usichimbe juu, chini wala ubavuni mwa soketi iliyopo kwa mstari ulionyooka, na uzime swichi kuu kabla ya kugusa ukuta. Kwa nyumba inayojengwa kuna njia bora zaidi: mwambie fundi umeme aache maboksi mawili au matatu matupu, yasiyo na bomba wala waya, kwa matumizi ya baadaye. Jambo la kawaida hilo, na yeye hatajua lipi limejazwa nini. Mpangaji asiyeruhusiwa kuchimba atumie boksi la plastiki la kubandika juu ya ukuta, nyuma ya kabati zito.

Usiweke kamwe vito kwenye boksi lenye waya hai. Dhahabu hupitisha umeme vizuri, na mkufu mmoja ukigusa waya na mwenzake unatosha kuleta shoti au kumuua anayeufuata kwa mkono.

2. Bomba la PVC lisilopitisha kitu

Hiki hakiuzwi kama kificho. Unakiunganisha mwenyewe kwa vitu vya hadwea, na kwa nafasi ya ndani hakuna kinachokishinda. Unahitaji kipande cha bomba la maji taka la nchi 4, urefu wa sentimita 40 hadi 50, kofia moja ya kugundisha chini, kifuniko kimoja cha hesi (cha kufunga kwa kuzungusha) cha kusafishia bomba, gundi ya PVC na vibano viwili. Kama huna bangili, nchi 2 inatosha; bangili za mtu mzima haziingii humo.

Gundisha kofia chini na shingo ya hesi juu. Acha wazi saa 24 harufu ya gundi iishe, hasa kama kuna lulu, kwani mvuke wa viyeyusho huharibu ung'avu wake. Vito viwe ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa kamba, na ncha ya kamba ishikwe kwenye kifuniko, usije ukahangaika kuingiza mkono hadi chini. Kisha funga bomba kwenye kona ya stoo au bafuni, upande wa chini ukigusa sakafu, ili macho yaamini linaelekea mahali. Rangi iwe ileile ya mabomba mengine ya nyumba. Bomba jeupe jipya kati ya ya kijivu yaliyozeeka linaita macho.

Chini ya sinki usiliweke. Hapo fundi bomba hufika mara kwa mara, na kazi yake ni kukata na kufungua. Ukiwa na ukarabati wowote wa maji, toa vito kabla hajaingia.

3. Kitabu chenye kisanduku cha chuma

Kinapatikana kirahisi na ni kizuri kwa vito unavyovaa kila wiki. Ukubwa unaoonekana sana madukani ni takriban sentimita 24 kwa 15.5 kwa 5.5, upo pia mdogo wa 18 kwa 11.5, ambao haufai kwa kingine zaidi ya pete na mikufu. Ndani hupungua sentimita moja au mbili kila upande.

Tatizo kubwa ni jalada. Vingi huja na sura ileile ya kamusi ya Kiingereza, nyekundu, bluu au nyeusi, na anayeijua haimpotezei muda. Kifunike kwa karatasi ya kufunikia daftari za shule, au nunua chenye kingo za karatasi halisi badala ya plastiki iliyochorwa mistari. Na kama nyumba haina vitabu, usikinunue. Kitabu kimoja peke yake juu ya televisheni ni mzigo wa kwanza kuchukuliwa. Kinataka wenzake kumi na kuendelea, wa umri mmoja, rafu ya chini.

Kufuli lake ni dogo na halizuii mtu. Ukikitikisa kisilie: jaza nafasi iliyobaki kwa kitambaa. Wanaochonga kitabu wenyewe waache ukingo wa sentimita 2 na kugundisha kurasa kwa gundi ya mbao, wakijua kwamba mchwa na unyevu wa pwani havichelewi. Msahafu na Biblia viacheni kabisa, kwa heshima yake na kwa sababu hivyo ni vitabu ambavyo mgeni yeyote anaweza kuomba asome.

4. Saa ya ukutani yenye mlango

Uso hufunguka kama kabati na nyuma yake kuna vishubaka. Kina ni kidogo, kwa hiyo bangili nyingi huzuia uso kufunga sawasawa, na mwanya huo huonekana. Betri ikiisha badilisha siku hiyohiyo. Saa iliyosimama humfanya kila mtu ainyooshee mkono.

5. Makopo na chupa bandia

Ndivyo vinavyotangazwa zaidi, nasi tunaviweka mwisho. Chapa nyingi ni za Ulaya au Marekani, hazipo kwenye duka la mtaani kwako. Kopo halisi la maharage lina zaidi ya gramu 400, wakati bandia lenye pete tatu ni jepesi kama karatasi, na mkono hugundua hata kama jicho halijagundua. Zaidi ya yote, dada wa kazi akisafisha jikoni kwa nia njema atalitupa. Ukilazimika, chukua chupa ya dawa ya wadudu ya chapa inayouzwa kwenu, ongeza uzito kwa mchanga mkavu ndani ya mfuko uliofungwa, uiweke stoo. Brashi za nywele na mishumaa yenye tundu ziacheni dukani: hukaa mezani chumbani, pale pale mwizi anapoanzia.

Namna ya kuweka

Funga kishikizo cha mkufu na uupitishe ndani ya mrija wa soda, hautajisokota. Fedha, ile ya vito, ifungiwe peke yake na pakiti moja ya kufyonza unyevu, ile inayokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiifunge kwa rababendi, kwa sababu salfa iliyomo huigeuza nyeusi. Lulu zisikae kwenye plastiki iliyobana. Hakuna kificho kati ya hivi kinachozuia moto: dhahabu safi huyeyuka kwa nyuzi 1064 za Selsiasi, lakini lulu huharibika mapema sana.

Piga picha kila kipande juu ya mizani, pamoja na alama yake: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Risiti zikae nyumba nyingine. Chumbani acha kisanduku chenye vito vya bei ndogo, mwizi apate cha kuondoka nacho. Boksi lililoleta kificho likate vipande kabla ya kulitupa, maana picha iliyo juu yake inaeleza kila kitu.

Mtu mmoja mzima unayemwamini lazima ajue mahali penyewe. Na siku ya kuhama, kificho ndicho cha kwanza kufunguliwa, kabla kirikuu cha kubeba mizigo hakijafika mlangoni.